Ukishuku udanganyifu wa bima: cha kuhakikisha, cha kutunza na pa kupeleka taarifa

Mwendesha bodaboda mmoja alitupigia simu tukiwa kwenye kipindi cha asubuhi. Alikuwa amemgonga mama aliyekuwa akitoka gulioni. Mama alivunjika mguu na familia yake ilitaka gharama za matibabu. Kijana hakuwa na hofu sana kwa sababu alikuwa amekata bima, tena stika anayo. Aliilipia taslimu kwa wakala aliyewafuata kijiweni. Alipofika kwenye kampuni iliyoandikwa kwenye ile stika, akaambiwa pikipiki yake haimo kabisa kwenye kumbukumbu zao.

Tangu siku hiyo wasikilizaji wengi wametuuliza: mtu ukigundua jambo kama hili, au ukilishuku tu, unakwenda wapi? Tumeyakusanya majibu hapa ili uyatunze kwenye simu yako.

Udanganyifu wa bima ni nini?

Ni kusema uongo au kughushi ili kupata fedha kupitia bima. Unafanywa na watu wa pande zote:

- Wakala wa uongo, au wakala halali asiye mwaminifu, anapokea fedha zako halafu haziwasilishi kwenye kampuni.
- Mwenye bima anadai fidia ya ajali ambayo haikutokea, au anachoma duka lake mwenyewe.
- Mwanachama wa bima ya afya anamwazima ndugu yake kadi akatibiwe.
- Kituo cha matibabu kinadai malipo ya vipimo au dawa ambazo mgonjwa hakupewa.

Kampuni ikichelewa kukulipa, au ikikataa dai lako kwa sababu usiyoikubali, huo ni mgogoro, na si lazima uwe udanganyifu. Anza kwa kulalamika kwa maandishi kwenye kampuni yenyewe. Usiporidhika, nenda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hatua ya kwanza: hakikisha

Siku hizi stika za bima ya magari na pikipiki husajiliwa kwenye mfumo wa kompyuta wa TIRA. Fungua tiramis.tira.go.tz kwenye simu yenye intaneti, kisha weka namba ya usajili wa chombo au namba ya stika. Kama bima ni halali, utaona kampuni iliyoitoa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kama simu yako ni ya kitochi, mwombe kijana mwenye simu janja akusaidie. Ni kazi ya dakika chache.

Usipoona kitu, usikimbilie kumkamata mtu shati. Huenda namba iliandikwa vibaya. Pigia kampuni iliyotajwa kwenye stika, lakini namba ya simu uitafute mwenyewe. Usitumie ile uliyopewa na wakala, kwa kuwa tapeli anaweza kukupa namba ya mwenzake.

Hatua ya pili: tunza ushahidi

Andika mambo yote ukiwa bado unayakumbuka: nani, lini, wapi, shilingi ngapi, na nani alikuwepo. Piga picha stika, risiti na karatasi zote. Usifute ujumbe wa malipo ya simu wala meseji mlizoandikiana. Karatasi halisi baki nazo, wape watu nakala. Na wakala akikuomba umrudishie stika "akairekebishe", usimpe.

Hatua ya tatu: peleka panapohusika

1. Kampuni ya bima. Kama jina lake limetumika, ijulishe kwa maandishi na uombe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

2. TIRA. Hii ndiyo inayosajili na kusimamia kampuni, madalali na mawakala wa bima. Makao makuu yapo Dodoma, na ina ofisi za kanda katika miji kama Mwanza, Arusha na Mbeya. Anwani na simu zake zipo kwenye tovuti ya tira.go.tz. Uliza pia kama wakala huyo ana leseni.

3. Polisi. Kughushi na kujipatia fedha kwa udanganyifu ni makosa ya jinai. Fungua jalada kituoni na usiondoke bila namba ya RB, maana utaihitaji kila ofisi utakayoingia.

4. TAKUKURU. Kama kuna rushwa ndani yake, kwa mfano mtumishi anataka chochote ili asaini ripoti ya ajali ya uongo, piga 113.

5. NHIF. Kama ni bima ya afya ya mfuko huo, ujulishe mfuko wenyewe. Kabla hujasaini fomu ya matibabu, isome au usomewe. Ukiona kipimo ambacho hukupimwa, uliza hapo hapo. Usisaini fomu tupu hata kama foleni ni ndefu.

Je, nitakuwa salama?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kwa sauti ya chini. Kijijini watu wanajuana, na anayeshukiwa anaweza kuwa shemeji au jirani. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka husika. Unapokwenda, sema mapema kwamba hutaki jina lako litajwe.

Ulinzi huo hauhusu tuhuma za kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Ukimtaja mtu huko na ikaonekana hukuwa na ushahidi, kesi inaweza kukugeukia wewe. Kwa sababu hiyo hiyo sisi hatutaji majina ya washukiwa hewani. Tuambieni kilichotokea, tutawaelekeza pa kwenda.

Ukiripoti, sema ulichoona na ulichosikia, na uvitenganishe. "Nilimwona akipokea shilingi kadhaa" ni taarifa. "Yule ni mwizi" ni hukumu, na hiyo iachie mahakama.

Kuzuia ni nafuu

Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, siyo kwenye simu binafsi ya wakala. Dai risiti. Hakikisha stika kwenye mfumo wakala akiwa bado amesimama mbele yako. Na ikiwa bei ni ya chini mno kuliko unayoisikia kwa wengine, jiulize kwa nini.

Yule kijana hakuwa na risiti. Lakini alirudi kijiweni, wenzake wakaanza kukagua stika zao kwenye simu, na watatu wakakuta hazimo. Wakaenda polisi pamoja, kila mmoja na stika yake mkononi. Gharama za mguu wa mama bado anazilipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwake.

Kama una stika kwenye chombo chako, ikague leo kabla hujaondoka kijiweni.