Maisha ya William Henry Lewis

William Henry Lewis alizaliwa katika jimbo la Virginia, Marekani, tarehe 28 Novemba, 1868, yapata miaka mitatu baada ya utumwa kukomeshwa katika nchi ile. Wazazi wake wenyewe walikuwa wamepata kuwa watumwa.

Alisoma kwanza Virginia, kisha katika chuo cha Amherst, jimbo la Massachusetts, alikohitimu mwaka 1892. Huko alicheza mpira wa Kimarekani, ambao hubebwa mikononi, na abebaye hukamatwa na kuangushwa chini. Mwaka 1891 alikuwa nahodha wa timu. Alipokwenda Harvard kusoma sheria, alipewa nafasi ya katikati ya safu ya mbele, mahali pa kuanzishia mpira na pa kupokea vishindo vikubwa. Mwili wake haukuwa mkubwa kwa kazi hiyo. Wepesi na akili vilimfidia. Mwaka 1892 na mwaka 1893 alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima, na hakuna mtu mweusi aliyemtangulia katika heshima hiyo. Mwaka 1896 alitoa kitabu cha kufundishia mchezo huo.

Lakini sifa za uwanjani hazikuvuka mlango wa kinyozi. Mwaka 1893 kinyozi mmoja karibu na Harvard alikataa kumnyoa kwa sababu ya rangi yake. Lewis hakupigana wala hakunyamaza. Alilifikisha shauri lake kwa watunga sheria, na sheria ya jimbo ikarekebishwa ili vinyozi nao wakatazwe ubaguzi.

Mwaka 1911, kwa uteuzi wa Rais Taft, alithibitishwa kuwa Mwanasheria Mkuu Msaidizi wa Marekani, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho. Mwaka huo huo aliingia Chama cha Mawakili wa Marekani. Viongozi wa chama walipotambua rangi yake, walitaka kumtoa. Lewis alikataa kujiuzulu, na mkuu wake, Wickersham, aliwaandikia wanachama kumtetea. Mwaka 1912 akaachwa abaki. Lakini waombaji wa baadaye wakaamriwa kutaja rangi zao. Mlango aliopita yeye ukafungwa nyuma yake.

Alifariki Boston tarehe 1 Januari, 1949. Mnyonge hana haki, husema mithali. Lewis, mwenye nguvu uwanjani, alifanywa mnyonge mara mbili nje ya uwanja, na mara zote mbili alikataa kuondoka mahali pake.