Sessue Hayakawa: Steringi Aliyenyimwa Mchumba

Aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua kanuni: steringi hafi, na picha ikiisha anaondoka na msichana. Sessue Hayakawa, Mjapani, alikuwa steringi wa Hollywood miaka sita kabla Rudolph Valentino hajang'ara katika The Sheik mwaka 1921. Kwake kanuni hiyo haikufuatwa. Katika filamu nyingi zilizompa jina aliuawa, alijitoa mhanga, au alimwachia mwanamume Mzungu yule mwanamke aliyempenda, akaenda zake peke yake.

Alizaliwa mwaka 1886 katika mkoa wa Chiba, pwani ya Japani, akapewa jina la Kintaro. Wazazi wake walitaka awe ofisa wa jeshi la majini. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku moja alipiga mbizi kwa kina kirefu mno, ngoma ya sikio ikapasuka, na madaktari wa jeshi wakamkataa. Aibu ilimlemea hata akajaribu kujiua. Aliponea chupuchupu, kisha akasafiri kwenda Marekani.

Jukwaa ndilo lililomnasa. Katika mtaa wa Wajapani mjini Los Angeles alijiunga na kikundi cha maigizo, akacheza tamthilia ya The Typhoon. Mtayarishaji Thomas Ince aliiona, akataka kuigeuza filamu na kumchukua mwigizaji wake pia. Mwaka 1914 Hayakawa alitokea katika The Typhoon na The Wrath of the Gods. Hiyo ya pili ilichochewa na mlipuko wa volkano ya Sakurajima wa Januari mwaka huohuo, na aliicheza pamoja na Tsuru Aoki, mwigizaji mwenzake kutoka Japani. Mwezi Mei walioana.

Kisha ikaja The Cheat. Iliongozwa na Cecil B. DeMille na kuanza kuonyeshwa Desemba 1915. Humo Hayakawa ni Hishuru Tori, tajiri anayekaribishwa katika karamu za wakubwa. Edith, mke wa Mmarekani mmoja, amepoteza dola 10,000 za Msalaba Mwekundu alizokabidhiwa kuzitunza. Tori anamkopesha, kwa sharti kwamba mwanamke huyo aje kwake usiku. Mume anapata faida katika biashara zake, Edith anakimbilia kwa Tori na hundi ili alipe deni, naye anakataa kuipokea. Anachukua muhuri wa chuma anaotumia kutia alama mali zake, anaupasha moto, na kumchoma nao begani. Edith anampiga risasi. Mume anafika nje na kuona kivuli cha mtu kikiporomoka nyuma ya ukuta wa karatasi, na damu ikipenya kwenye karatasi hiyo.

Chumba kina giza, mwanga unatoka upande mmoja tu, na uso wa Hayakawa umetulia tuli. Wakati huo waigizaji wengi wa filamu zisizo na sauti walirusha mikono na kutumbua macho ili watazamaji wawaelewe. Yeye alizuia kila kitu, akaacha nyusi na macho viseme. Huko Ufaransa, wapenzi wa sinema kama mwandishi Colette na mhakiki Louis Delluc walivutiwa mno na uigizaji huo. Marekani nayo, wanawake walijaa kumbini kumtazama mtu ambaye filamu ilitaka wamchukie.

Wajapani wa Los Angeles hawakufurahi hata kidogo. Gazeti lao, Rafu Shimpo, liliishutumu filamu hiyo kwa kuwachafua mbele ya majirani waliokuwa tayari wanawabagua. Filamu ilipotolewa upya mwaka 1918, Japani na Marekani zikiwa upande mmoja katika Vita Kuu ya Kwanza, maandishi yalibadilishwa: Hishuru Tori akawa Haka Arakau, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Burma. Uso ulikuwa uleule. Aliyebebeshwa uovu sasa ni taifa lisiloweza kulalamika.

Waandishi wa hadithi hawakuwa peke yao waliomnyima mchumba. Sheria ya California ilikataza ndoa kati ya Mzungu na Mjapani, na mahakama ilikuja kuifuta mwaka 1948 tu. Studio ilipokea fedha za watazamaji waliompenda, kisha ikahakikisha penzi hilo halifiki popote kwenye picha. Hayakawa alilielewa jambo hilo vizuri, na mwaka 1918 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Haworth Pictures. Zamani zile, kwa mtu wa Asia kumiliki kampuni ya filamu Hollywood, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Tunda zuri la kampuni hiyo ni The Dragon Painter ya mwaka 1919. Hayakawa ni Tatsu, mchoraji anayeishi milimani kama mwendawazimu, akimtafuta binti mfalme ambaye anaamini amegeuzwa joka. Anampata katika sura ya Ume-ko, binti wa mchoraji mkuu, anayechezwa na Tsuru Aoki. Wanaoana, na furaha inamnyang'anya kipaji chake, hawezi tena kuchora. Ume-ko anatoweka ili mumewe arudi kwenye kazi; kipaji kinaporudi, naye anarudi. Hapa steringi anaondoka na mke wake.

Hayakawa na Tsuru walikaa katika jumba kama ngome mjini Hollywood, lililosifika kwa karamu. Lakini chuki dhidi ya Wajapani ilizidi. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Mjapani hawezi kupewa uraia, na mwaka huohuo, baada ya kugombana na wasambazaji wa filamu zake, Hayakawa aliondoka. Mwaka 1923 alikuwa Ufaransa akicheza La Bataille, akiwa ofisa wa jeshi la majini la Japani, kazi ileile aliyoikosa ujanani. Vita Kuu ya Pili ilimkuta Ufaransa tena, mbali na familia yake, akijikimu kwa kuuza picha za rangi za maji.

Mwaka 1949 Humphrey Bogart alicheza naye katika Tokyo Joe, na mwaka 1957 ikatoka The Bridge on the River Kwai. Humo yeye ni Kanali Saito, mkuu wa kambi ya mateka. Baada ya kulazimika kukubali matakwa ya mateka wake Mwingereza, Saito anajitupa kitandani na kulia peke yake. Nafasi hiyo ilimfikisha kwenye orodha ya wanaowania Oscar, ingawa tuzo ilikwenda kwa Red Buttons. Saito naye anauawa kabla filamu haijaisha.

Tsuru Aoki alifariki mwaka 1961, na Hayakawa akafuata mwaka 1973 mjini Tokyo. Filamu nyingi za Haworth zimepotea. The Dragon Painter ilipatikana, ikasafishwa, na mwaka 2014 ikaingizwa katika orodha ya filamu ambazo Marekani imeamua kuzihifadhi kitaifa. The Cheat ilikuwa humo tangu mwaka 1993, hivyo leo mtu anaweza kuzitazama zote mbili kwa mfuatano: ile aliyoandikiwa na wengine, na ile aliyoitoa kwa kampuni yake mwenyewe.