Jesse Helms, "Seneta Hapana"

Wadau, leo historia kidogo. Jesse Helms alikuwa mtangazaji wa televisheni huko North Carolina, kisha akakaa Seneti miaka 30, kuanzia 1973 hadi 2003. Walimwita "Seneta Hapana", na jina lilimkaa. Mwaka 1983 alipinga sikukuu ya Martin Luther King. Mwaka 1987 akasukuma sheria ya kuwazuia wageni wenye virusi vya ukimwi kuingia Marekani. (Sisi manesi tunajua matokeo yake: watu wanaogopa kupima.)

Halafu 2002, mzee anakaribia kustaafu, akaomba dola milioni 500 za kuwakinga watoto wachanga, hasa Afrika, wasiambukizwe na mama zao! Akasema anaona aibu kwa kutofanya zaidi mapema.

Wengi wanamsifu kwa hilo. Mimi namsifu nusu, maana kuhusu mashoga wa kwao Marekani hakubadili msimamo. Mtoto hana hatia, mtu mzima kajitakia, ndivyo ninavyomwelewa. Wodini hatugawi dawa hivyo jamani.

Alifariki tarehe 4 Julai 2008. Lile katazo la wageni liliondolewa Januari 2010.