Stika Kiooni: Udhibiti wa Bima Nchini Kenya

Bima ni biashara inayolipwa kwanza na kutolewa baadaye. Muuza sukari akiishiwa, mteja hujua papo hapo. Kampuni ya bima ikiishiwa, mteja hujua siku ya ajali, pengine miaka kadhaa baada ya kulipa. Kati ya siku hizo mbili fedha zake zimo mikononi mwa kampuni, naye hana namna ya kufungua vitabu vyake aone kama zingalipo. Udhibiti wa bima ni kuvifungua vitabu hivyo kwa niaba yake. Nchini Kenya kazi hiyo ilianza kama shughuli ndogo ya serikali ya kikoloni, ikahamia kwenye meza ya Kamishna wa Bima katika Wizara ya Fedha, kisha ikakabidhiwa mamlaka inayojitegemea.

Wakati wa ukoloni, soko la bima lilikuwa la matawi na mawakala wa kampuni za Uingereza. Walikatia bima shehena za bandari ya Mombasa, mashamba ya walowezi na majengo ya Nairobi, na maamuzi makubwa yalifanyika London. Sheria ya kampuni za bima ya mwaka 1960 ilifuata mfano wa Uingereza na haikuwabana sana. Iliyoacha alama ya kudumu ilikuwa sheria iliyotangulia, ile ya katikati ya miaka ya 1940, iliyomlazimu kila mwenye gari awe na bima ya kumfidia mtu wa tatu atakayeumizwa barabarani. Watungaji wake huenda hawakuona walikoelekea. Serikali inapomlazimisha raia anunue kitu kutoka kwa mfanyabiashara binafsi, haiwezi tena kudai kwamba uzima wa mfanyabiashara huyo si shauri lake.

Baada ya uhuru, lililotiliwa mkazo kwanza ni umiliki. Kampuni ya serikali, Kenya National Assurance, iliundwa mwaka 1964. Shirika la bima mtawanyo (bima ya kampuni za bima), Kenya Re, liliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1970, na kampuni zote zikatakiwa kulikabidhi sehemu ya biashara zao ili ada zisiendelee kuvuka bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1970, matawi ya kampuni za kigeni yalitakiwa kuandikishwa upya kama kampuni za humu nchini. Kampuni zikaongezeka, nyingi zikiwa ndogo, huku sheria ya kuzisimamia ikiwa bado ile ya kikoloni.

Sheria mpya ya Bima, sura ya 487, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1987. Ndiyo iliyompa Kamishna wa Bima meno. Kila kampuni ilitakiwa kuwa na mtaji usiopungua kiwango kilichowekwa, kuweka amana, kutenga akiba ya kulipia madai ambayo bado hayajafika, na kuwasilisha hesabu zake. Leseni ikawa ya mwaka mmoja, ikiisha Desemba, hivyo kila kampuni hurudi mlangoni pa msimamizi mwaka baada ya mwaka. Kwenye karatasi, sheria hiyo ilikuwa nzuri. Udhaifu wake ulikuwa mahali Kamishna alipoketi. Idara yake ilikuwa ndani ya Wizara ya Fedha, chini ya serikali ileile iliyomiliki kampuni kubwa sokoni. Mwaka 1996 Kenya National Assurance ilianguka na kuwekwa chini ya ufilisi. Wenye bima za maisha walioilipa kwa miaka mingi ilibidi wasubiri hadi serikali ilipounda kampuni nyingine mwaka 2001 kubeba bima zilizosalia.

Lakini aliyemfunza msimamizi kazi zaidi ya wote ni matatu, magari ya watu binafsi ya kubeba abiria. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliagiza kwamba magari hayo yabebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, na kwa miaka kumi na moja yakaenea nchi nzima. Sheria ya mwaka 1984 iliyarudisha kwenye utaratibu wa leseni, ukaguzi na bima, nayo stika ya bima ikawa kitu cha lazima kiooni.

Hesabu ya bima ya matatu haina huruma. Gari la abiria 14 likipinduka, dai haliwi moja. Huwa kumi na nne, na kila moja lina wakili wake, ripoti yake ya daktari na tarehe yake mahakamani. Kesi huchukua miaka, na riba hupanda. Upande wa pili, mwenye gari hutafuta stika ya bei nafuu zaidi, mara nyingi ya mwezi mmoja, kwa sababu anachohofia kila siku ni kizuizi cha polisi, wala si hukumu ya miaka mitano ijayo. Kampuni inayotaka fedha za haraka hushusha bei, stika zinauzwa kwa maelfu, na fedha za stika za mwaka huu zinalipa madai ya ajali za mwaka juzi. Mchezo huo huendelea mradi mauzo yanakua. Yakisimama, kila kitu husimama. Zikaongezwa humo ajali za kubuni na majeruhi ambao hawakuwahi kupanda gari husika.

United Insurance ilianguka mwaka 2005. Standard Assurance ikafuata mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011, na Concord mwaka 2013. Kampuni ikifika hapo, sheria humruhusu Kamishna kuteua msimamizi wa kisheria. Huyo huchukua nafasi ya wakurugenzi na kusimamisha ulipaji wa madeni kwa muda ili ajue kilichobaki. Kwa mwenye matatu, muda huo ulikuwa mchungu kuliko ajali yenyewe: alikuwa amelipa bima kama sheria ilivyoamuru, lakini aliyeshinda kesi alimgeukia yeye, na madalali wa mnada wakaja kuchukua gari. Mabishano kuhusu kama agizo la kusimamisha madeni linamkinga pia mwenye bima yalizunguka mahakamani kwa miaka.

Mageuzi yalikuja katikati ya maanguko hayo. Hazina ya Kuwafidia Wenye Bima iliundwa kwa kanuni za mwaka 2004, ikichangiwa na wateja na kampuni kwa asilimia ndogo ya ada. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2006 yaliiondoa kazi ya udhibiti wizarani, na tarehe 1 Mei 2007 Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ikaanza kazi. Ina bodi yake, na huendeshwa kwa tozo za soko lenyewe, huku Kamishna akiwa ndiye mkurugenzi mkuu. Aliyeiongoza kwanza ni Sammy Makove.

Mtaji wa chini kwa bima za kawaida ulipandishwa hadi shilingi milioni 300, baadaye hadi milioni 600, na hesabu ikaanza kupimwa kwa hatari ambazo kampuni imebeba badala ya kiwango kimoja kwa wote. Ada sharti ilipwe kabla ya bima kuanza, jambo lililokomesha desturi ya mawakala kukaa na fedha za wateja kwa miezi. Dai lililokubaliwa likapewa siku 90 za kulipwa. Mwaka 2011 kikaundwa kitengo cha kuchunguza ulaghai wa bima, chenye maafisa wa polisi waliotumwa kwenye mamlaka hiyo. Mwaka huohuo kampuni ya kwanza ya takafuli, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu, ilipewa leseni, hatua iliyosubiriwa na Waislamu wengi wa Pwani na Kaskazini Mashariki walioiepuka bima ya kawaida kwa sababu ya riba. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni ada zote za bima nchini zimekuwa chini ya asilimia 3 ya pato la taifa.

Stika za karatasi, zilizokuwa rahisi kughushi, zilianza kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2020, na cheti cha kidijitali kikachukua nafasi yake. Resolution Insurance ilipolemewa mwaka 2022, msimamizi wa kisheria aliyeteuliwa alikuwa Hazina ya Kuwafidia Wenye Bima yenyewe. Fidia yake kwa kila dai ina kikomo cha shilingi 250,000. Kinachozidi hapo hungoja kitakachopatikana kwenye mali ya kampuni.