Shule za wakimbizi Wapolandi huko Tengeru

Shule za wakimbizi Wapolandi huko Tengeru zilikuwa shule zilizoanzishwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndani ya makazi ya wakimbizi karibu na Ziwa Duluti, chini ya Mlima Meru (leo Mkoa wa Arusha, Tanzania).

Makazi hayo yalianza mwaka 1942 na kufikia takriban watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Familia hizo zilikuwa zimehamishwa kwa nguvu na Umoja wa Kisovyeti kutoka mashariki ya Poland mwaka 1940 na 1941, zikapelekwa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 ziliondoka pamoja na jeshi la Jenerali Władysław Anders kupitia Uajemi. Watoto wengi walikuwa wamepoteza miaka ya masomo njiani, hivyo umri wa mtoto haukuonyesha tena darasa lake.

Kulikuwa na shule za msingi, za sekondari na za ufundi. Walimu walitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, vitabu vilikuwa haba, na lugha ya kufundishia ilikuwa Kipolandi. Huo haukuwa ukaidi: wazazi walitarajia kurudi kwao vita vikiisha. Isitoshe, Tanganyika ya Waingereza iligawa shule kwa rangi, yaani za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mtoto aliweza kukua chini ya Meru bila kukaa dawati moja na mtoto wa Kimeru.

Baada ya vita

Mwaka 1945 matarajio hayo yalivunjika. Maeneo walikotoka yalibaki mikononi mwa Wasovyeti, na Poland ilitawaliwa na serikali waliyoiogopa. Wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia, ambako elimu yao nzuri ya Kipolandi haikutosha bila Kiingereza. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1947 na kuunda kamati maalumu ya elimu ya Wapolandi.

Yatima walipata shida zaidi. Mwaka 1949 padre Łucjan Królikowski aliongoza kundi la zaidi ya watoto 100 kutoka Tengeru hadi Kanada, huku serikali ya Poland ikipinga na kudai watoto hao warudishwe. Walitawanywa katika shule za Kikatoliki za Quebec, wengine wakisoma kwa Kifaransa na wengine kwa Kiingereza.

Makazi yalifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi ya Wapolandi yapo Tengeru hadi leo.