Mbinu ya Glyn Johns
Njia ya kurekodi drams kwa maikrofoni tatu au nne, iliyopewa jina la fundi sauti Mwingereza aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin jijini London mwaka 1968. Maikrofoni moja huwekwa juu ya ngoma ya snea. Ya pili hukaa kuliani kwa mpigaji, kando ya tomu ya chini, ikiielekea snea. Zote mbili lazima ziwe umbali sawa kutoka katikati ya snea, la sivyo mawimbi hupishana na mlio hukonda. Kipande cha uzi chatosha kupimia. Ya tatu huelekezwa kwenye ngoma ya besi. Ya nne, ya snea, ni hiari: Shure SM57 yafaa. Lakini katika chumba chenye dari ya chini, matoazi hufunika kila kitu, na maikrofoni kali za kondensa huzidisha tatizo.