Kuzungusha umbo kwa rula na bikari

Kuzungusha umbo kwa rula na bikari ni kazi ya jiometria ambapo umbo, kwa mfano pembetatu, huchorwa upya baada ya kuzungushwa kando ya nukta moja isiyosogea. Nukta hiyo huitwa kitovu cha mzunguko. Rula inayotumika haina alama za sentimita. Huchora mistari iliyonyoka tu. Bikari huchora duara na kuhamisha urefu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kipimapembe hakitumiki.

Msingi wake

Mzunguko haubadilishi urefu wa pande wala ukubwa wa pembe za umbo. Mambo matatu lazima yajulikane: kitovu, pembe ya mzunguko, na upande wa kuzungukia, yaani kufuata mishale ya saa au kinyume chake. Kila nukta hubaki katika umbali uleule kutoka kitovu, kwa hiyo husogea juu ya duara. Kwa umbo lenye pande zilizonyoka inatosha kuzungusha vipeo, kisha kuviunganisha.

Hatua za kuchora

Tuchukue pembetatu ABC, kitovu O, na pembe ya mzunguko iliyochorwa kando, yenye kipeo K na ndogo kuliko nyuzi 180.

1. Ncha ya bikari huwekwa O, na duara linalopita A huchorwa.
2. Bila kubadilisha upana wa bikari, ncha huwekwa K na tao huchorwa likate mikono ya pembe katika M na N. Mikono ikiwa mifupi, hurefushwa kwa rula.
3. Bikari hufunguliwa kwa upana wa MN. Ncha huwekwa A, na duara la kwanza hukatwa upande wa kuzungukia. Hapo ndipo A′.
4. Hatua hizo hurudiwa kwa B na C, kisha A′, B′ na C′ huunganishwa.

Njia hii ni sahihi kwa sababu pande tatu za pembetatu OAA′ ni sawa na pande tatu za pembetatu KMN. Hivyo pembe iliyopo O ni sawa na ile ya K. Euklides alieleza namna ya kunakili pembe katika kitabu cha kwanza cha Elementi, takriban mwaka 300 KK.

Kosa la kawaida ni kutumia upana uleule wa MN kwa vipeo vyote. Kipeo kilicho mbali zaidi na kitovu husogea zaidi, kwa hiyo kwa B tao la K huchorwa upya kwa upana wa OB. Kazi huhakikiwa kwa bikari: A′B′ lazima iwe sawa na AB.

Pembe maalumu

Kwa nyuzi 60, upana wa OA wenyewe hukata duara kutoka A, kwa kuwa pembetatu OAA′ ina pande zote sawa. Kwa nyuzi 180, mstari AO hurefushwa kupita O hadi ukate duara upande wa pili.

Mipaka ya njia hii

Pembe iliyokwisha kuchorwa huweza kunakiliwa daima. Pembe iliyotajwa kwa tarakimu tu ni jambo jingine. Kati ya pembe za nyuzi kamili, zinazoweza kuchorwa kwa vyombo hivi ni zile tu zinazogawanyika kwa 3, kama 3, 36 na 75. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba haiwezekani kugawa kila pembe katika sehemu tatu sawa kwa rula na bikari. Nyuzi 60 ni mfano mmoja, ndiyo maana nyuzi 20 haziwezi kuchorwa.

Kutafuta kitovu

Pengine umbo na taswira yake vimetolewa, lakini kitovu hakijulikani. A huunganishwa na A′, na B na B′. Kila kipande hukatwa katikati kwa mstari wenye pembe mraba nacho. Mistari hiyo miwili hukutana O, kwa kuwa O iko umbali sawa kutoka A na A′, na pia kutoka B na B′. Mistari ikilaliana, hutumiwa kipeo C badala ya B. Ikiwa sambamba bila kukutana, umbo halikuzungushwa bali lilihamishwa tu.